Mteuzi wa Magari

Kijana ninayetaka kumsifu ana kibanda cha gemu kando ya barabara ya zamani ya Buta, kilomita 14 hivi kutoka Kisangani mjini, pale msitu wa Masako unapojilaza ndani ya mkunjo wa mto Tshopo. Kibanda ni cha mbao na mabati. Juu ya paa kuna bamba moja la sola, chini ya meza betri ya lori, na mezani televisheni ya chogo pamoja na PlayStation 2 iliyochubuka rangi. Vibanda vya namna hii vimejaa katika mitaa ya mjini ya Mangobo, Kabondo na Tshopo, na karibu vyote vinachezesha mpira tangu asubuhi mpaka betri ikate. Huyu naye huchezesha mpira, maana ndio unaomlisha. Lakini Jumamosi alasiri huuondoa, hufungua daftari lake la shule lenye jalada la buluu, na vijana waliokuja kwa miguu na kwa baiskeli za toleka hutulia. "Yaya, leo gari gani?" atauliza mdogo mmoja. Hajibiwi. Kidole kinapita ukurasa baada ya ukurasa, kinarudi nyuma, daftari linafungwa, mwenyewe anatazama dari.

Huko kutazama dari ndiko kulikonifanya nishike kalamu.

Diski iliyomo ndani ya mashine yake ni Gran Turismo 4, iliyotoka Japani mwishoni mwa 2004, nayo ina magari zaidi ya 700. Mpe mtu yeyote magari 700 na ruhusa ya kuchagua, mkono wake utakimbilia lenye kasi kuliko yote. Atashinda nalo, atashinda tena, na baada ya wiki moja yale mengine yatakuwa kama hayakuumbwa. Kijana wa Masako anajiuliza maswali mengine kabisa. Ni nani na nani walioketi benchini leo? Yupi ana papara ya breki, yupi anaogopa kona? Wapelekwe barabara ipi? Na ni magari gani, kati ya yale wasiyowahi kuyasikia, yatakayowaweka sawa hata mshindi asijulikane mpaka kona ya mwisho? Akishapata majibu ndipo anapotaja majina mawili, kwa sauti ya chini, kama mtu aliyeamua.

Jioni moja alitaja Subaru 360 ya 1958 na Fiat 500 ya zamani. Benchi zima lilicheka. Subaru ile ina injini ya cc 356 na nguvu za farasi 16, na uzito wake haufiki kilo 400. Fiat inaizidi kwa farasi wawili tu. Aliwapeleka Tsukuba, uwanja wa Japani wenye mzunguko wa kilomita 2 hivi, mahali ambapo magari makubwa humaliza kazi kabla hujakaa vizuri. Mbio zilipoanza, vigari viwili vikaondoka polepole, kimoja kikiunguruma, kingine kikikohoa, na kicheko kikazidi.

Kisha kicheko kikaanza kupungua. Gari lenye nguvu nyingi husamehe: ukiharibu kona unakanyaga mafuta, kosa linafutika. Gari la farasi 16 halina msamaha. Kasi uliyoipoteza kwa kugusa breki bila sababu utaihangaikia mpaka mzunguko unaofuata, na mwenzako ameshapita. Katika mzunguko wa pili wale vijana wawili walikuwa wamelielewa hilo kwa vidole vyao, bila kuambiwa na mtu. Waliacha breki. Wakaanza kuingia kona kutoka ukingo mpaka ukingo, maneti za gemu mikononi zikiinamishwa kana kwamba zingesaidia kulivuta gari, na yule aliyekuwa nyuma akajifunza kujificha kwenye kivuli cha mwenzake kwenye njia iliyonyooka ili upepo usimzuie. Mpaka mwisho walipishana kwa urefu wa boneti. Waliokuwa wamekaa walikuwa wamesimama. Na mwenye kibanda, kabla hajaita jozi nyingine, alisoma kutoka daftarini mistari miwili mitatu: kwamba hili ndilo gari la kwanza ambalo Subaru ililitengeneza kwa wingi, kwamba lilikusudiwa familia za Japani zisizo na uwezo wa gari kubwa. Wakamsikiliza. Asingeyasoma hayo kabla ya mbio, na hiyo nayo ni sehemu ya ujuzi wake: mtu husikiliza habari za gari akishalitolea jasho.

Wazee wanaochonga mitumbwi katika mito yetu hutembea msituni siku nyingi kabla shoka halijagusa gome. Mti ukishapatikana, sehemu kubwa ya kazi imekwisha. Kazi ya huyu kijana iko hivyo hivyo. Mbio zenyewe ni dakika chache, uteuzi umemchukua wiki.

Na anapoyatafuta ndipo utaona subira ambayo siku hizi nadra kuikuta kwa kijana. Ndani ya gemu ile kuna maduka ya magari yaliyotumika, na bidhaa zake hubadilika kadiri siku za kalenda ya gemu zinavyokwenda. Gari lililopo wiki hii huenda wiki ijayo halipo, na likishaondoka utalisubiri sana. Yeye anayo orodha ya anayoyawinda. Usiku, wateja wakishaondoka, huwasha mashine kwa muda mfupi ili asiimalize betri, hupita dukani, hutazama, huzima. Akilipata analolitaka, kwanza humwaga oili, kwa kuwa watengenezaji wa gemu hii walifika mbali kiasi cha kuipa injini oili inayochakaa na kupunguza nguvu. Jozi haipelekwi barabarani mpaka magari yote mawili yawe na oili mpya. Hataki aliyeshindwa awe na kisingizio. Magari yote hayo yanakaa katika kadi ya kumbukumbu ya megabaiti 8, ndogo kuliko kiberiti, ambayo huifunga katika kitambaa na kulala nayo.

Ufundi huu una mzazi wake. Kazunori Yamauchi na wenzake walitoa Gran Turismo ya kwanza huko Japani tarehe 23 Desemba 1997. Kabla yake gemu za magari zilikuwa karamu ya matajiri: The Need for Speed ya 1994 ilikuwa na magari 8, yote ya kubandika ukutani. Yamauchi naye aliyapenda magari ya ukutani, lakini akaweka pembeni yao Mazda Demio na Honda Civic, magari ya mwalimu na ya muuza duka, na akayapa heshima ileile ya kupimwa, kuchorwa na kusikilizwa. Baadaye ikaja Toyota Vitz, ambayo mtoto wa Kisangani, wa Kampala au wa Dar es Salaam anaijua kwa harufu. Nadhani hapo ndipo watu wengi wa bara letu walipolipenda jina la gemu hii, ingawa katika diski ninayoizungumzia Afrika haina hata barabara moja ya kukimbilia.

Kufikia toleo la 4, uteuzi ulikuwa umekomaa hasa. Humo yumo Daimler wa 1886 na Benz wa mwaka huohuo, mababu wawili wa magari yote. Imo Citroën 2CV ya 1954, yenye farasi 9. Imo Volvo 240 ya kubebea mizigo, ya 1988, ambayo hakuna aliyewahi kuiota usiku, na Alpine A110, na Lancia Stratos, na Autobianchi ndogo ya Abarth ambayo hata Italia kwenyewe vijana wengi hawaijui. Na imo Cizeta V16T, ambayo ningependa kukaa nayo kidogo.

Cizeta ilitengenezwa Modena na Claudio Zampolli, fundi aliyepitia Lamborghini, na mwanzoni akasaidiwa na mwanamuziki Giorgio Moroder. Wakati wengine wanaridhika na silinda 12, yeye aliweka 16, na badala ya kuilaza injini kwa urefu wa gari akailaza kwa upana, hata nyuma ya gari ikawa pana kama mlango wa kanisa. Yaliyotoka ni machache sana, ya kuhesabika kwa vidole, kisha fedha zikakata. Katika maduka ya ulimwengu gari hilo lilikuwa limeshindwa. Lakini mtu fulani ofisini Tokyo aliamua kwamba kushindwa si sababu ya kusahauliwa, akalitafuta, likapimwa, likachorwa. Leo kijana wa kando ya msitu wa miti ya mbau katika jimbo la Tshopo analijua jina la Zampolli na anaweza kukueleza injini ilivyokaa. Mimi ninaiita hiyo kazi kubwa, na sioni aibu kuisifu kwa sauti ileile ninayowasifia waandishi na wachongaji.

Uteuzi mzuri huonekana zaidi pale njia ilipozibwa. Kwa miaka mingi, kuanzia 2000 mpaka mwisho wa 2016, haki ya kuweka Porsche katika gemu ilikuwa imeshikwa na kampuni moja, Electronic Arts, na wengine walipaswa kuomba au kukosa. Watu wa Gran Turismo walikwenda Pfaffenhausen, mji mdogo wa Bavaria, kwa Alois Ruf. Karakana ya Ruf huchukua bodi tupu za Porsche na kuunda magari yake, na sheria ya Ujerumani inamtambua kama mtengenezaji kamili. Basi badala ya Porsche tukapata RUF, na wachezaji wa dunia nzima wakalijua gari la njano la 1987, CTR, ambalo mpaka wakati huo lilikuwa siri ya wachache. Mlango ulipofungwa, mteuzi aliye mvivu angeacha pengo. Hawa waliacha gari bora kuliko lile lililokosekana, na hilo ni neno langu, mwenye kubisha na abishe.

Gharama yake nayo isisahaulike. Yamauchi amewahi kueleza kwamba katika gemu ya kwanza gari moja lilichorwa kwa siku moja hivi; kufikia Gran Turismo 5 ya 2010 lilikuwa likimla mchoraji miezi kama sita. Nusu mwaka wa maisha ya mtu. Na bado nusu mwaka mmoja ukatolewa kwa Volkswagen Kombi ya zamani, ile yenye madirisha mpaka paani, ambayo haitamshinda mtu yeyote popote. Ninapofikiri juu ya aliyesema "hii nayo iingie", moyo wangu unamtukuza.

Mimi nilizipenda mbio kabla ya kuwa na televisheni. Mjomba wangu, dereva wa lori, alikuwa na redio ya mawimbi mafupi, na kila Pasaka aliitega usiku kutafuta Safari Rally. Sauti ilikuja na kupotea, ikaja na kupotea, na katikati ya mikwaruzo tukayadaka majina: Joginder Singh, Shekhar Mehta, Datsun, Peugeot, Mitsubishi. Matope ya Kenya yalitufikia Kisangani kwa njia ya masikio. Mjomba hakusema mengi, ila akisikia kwamba gari fulani limevunjika mhimili wa mbele alinyoosha mguu wake kama aliyeumia mwenyewe.

Ndiyo sababu siku kijana alipotaja Fairlady 240ZG ya 1971, niliomba niseme mimi. Niliwaambia kwamba gari hilo ni ndugu wa Datsun 240Z, na kwamba mwaka huohuo wa 1971 Edgar Herrmann na Hans Schüller walishinda Safari kwa hiyo 240Z, bodi nyekundu na boneti jeusi ili jua lisimwakie dereva machoni. Niliwaambia habari za 1973: Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, alimaliza akiwa na pointi sawasawa na Harry Källström, Msweden aliyekuwa katika Datsun nyingine, na ushindi ukapewa Mehta kwa kuwa ndiye aliyekwenda mbali zaidi bila kuadhibiwa. Baadaye akashinda mara nne mfululizo, 1979 mpaka 1982, katika Datsun Violet, iliyoitwa pia 160J, ambayo kwa sura ungedhani ni teksi. "Papa," akaniuliza kijana, daftari likiwa wazi, "hiyo 160J imo humu?" Nikamwambia sijaiona. Akaandika jina lake chini kabisa ya ukurasa, penye orodha ambayo sikuifahamu: magari yanayokosekana.

Orodha hiyo ni ndefu, na inauma. Peugeot 404 iliyoshinda Safari 1963, 1966, 1967 na 1968, na kuwabeba watu wa bara hili, na mbuzi wao, na magodoro yao, kwa miaka zaidi ya arobaini, katika diski haimo. Volvo PV544 ambayo Joginder Singh na nduguye Jaswant waliinunua ikiwa imekwisha kutumika na timu ya kiwanda, wakaitengeneza wenyewe na kuwashinda wote 1965, haimo. Porsche 911 utaikuta katika gemu zote za leo kwa rangi zote, na hakuna anayemwambia mtoto kwamba katika Safari ile ilikuja kwa kishindo, ikawa ya pili 1972, ya pili tena 1974, ya pili tena 1978, na kombe halikuipata. Kama gari lisiloshinda limejaa kila mahali na lililoshinda halionekani, basi aliyechagua hakuuliza wenyeji.

Tena kuna Vivio. Mwaka 1993 Subaru ilileta Kenya kigari cha injini ya cc 658, cha kwenda sokoni, na kukiandikisha katika mbio zinazovunja magari ya mashindano. Mmoja wa madereva alikuwa Colin McRae, aliyekuja kuwa bingwa wa dunia miaka miwili baadaye. Lake liliharibika njiani. Jingine liliendeshwa na Patrick Njiru, Mkenya, akafika nalo mwisho na kushinda daraja lake. Hebu fikiria mtoto wa Naivasha au wa Masako akipewa gari hilo katika skrini, katika mawe ya Kenya, na kuambiwa: lifikishe. Hakuna Bugatti itakayomfundisha alichojua Njiru juu ya kulihurumia gari.

Sisemi kwamba ufundi umekufa. Katika Gran Turismo 7 ya 2022 kuna mtu bado anatazama dari: ameweka Land Cruiser FJ40 ya 1974, na ameweka gari la wagonjwa la Toyota lililojengwa juu ya HiAce, lenye farasi wachache na heshima nyingi. Lakini kote kando yake mambo yanakwenda ovyo. Gemu nyingi za simu ambazo wadogo zetu wanazicheza chini ya miembe zina magari yaleyale kumi, kila moja na bawa nyuma na moshi wa zambarau, na gari la nadra limekuwa jina la kitu ghali: unalipa, unafungua kisanduku, unalipata au hulipati. Aliyelipata hivyo hana habari ya kusoma, kwa kuwa hakuna aliyemwandikia. Nadra ya kweli ni kazi ya mtu aliyetafuta. Hii nyingine ni bei tu.

Linalonisumbua zaidi ni wepesi wa kufuta. Ruhusa za kutumia majina ya magari hutolewa kwa muda, na muda ukiisha gemu huondolewa sokoni. Forza Horizon 4, iliyokusanya mamia ya magari ya kila namna, iliacha kuuzwa tarehe 15 Desemba 2024. Huduma za mtandao za Gran Turismo Sport zilizimwa tarehe 31 Januari 2024. The Crew, iliyokuwa na ramani ya nchi nzima ya Marekani ya kuendeshea, ilizimwa tarehe 31 Machi mwaka huohuo, na waliokuwa na diski mikononi wakabaki na sahani ya plastiki. Watu walioitafuta injini fulani, wakairekodi, wakampa mchoraji nusu mwaka, kazi yao imefungwa kwa swichi na mtu ambaye huenda hakuwahi kuiendesha. Zamani kitu kilipotea kwa mchwa, kwa mafuriko, kwa vita, na Kisangani tunavijua vyote vitatu. Kupotea kwa muda wa karatasi kuisha ni jambo jipya, na hasira yangu juu yake haijapoa.

Diski ya Masako haitegemei ruhusa ya mtu, ila inategemea jicho la leza ambalo limechoka. Siku hizi mashine huisoma ikiwa imesimamishwa kwa ubavu, wakati mwingine imepinduliwa kichwa chini, na kijana ana namna yake ya kusikiliza mzunguko wa diski kabla hajaamua kuizima na kuanza upya. Vipuri vilikuwa vikitoka Kampala na Dubai. Wauzaji sasa wanamwambia wazi kwamba hakuna anayeagiza. Wateja wa Jumamosi nao wamepungua. Waliokuwa wakipigania Fiat 500 wana simu.

Yeye ameendelea na daftari. Nilipomwambia kwamba mwaka 1925 magari nane ya Citroën yaliyotoka jangwani Algeria yalishuka mpaka Buta na Stanleyville, kama mji wetu ulivyoitwa, hakuniacha mpaka nikamweleza yote niliyokuwa nayo: kwamba nyuma yalikuwa na mikanda ya mpira badala ya magurudumu, kwamba kila moja lilikuwa na jina na picha yake ubavuni, Mbawakavu wa Dhahabu, Hilali ya Fedha, Tembo mwenye Mnara, Konokono mwenye Mabawa, kwamba Georges-Marie Haardt aliyeyaongoza alipewa sifa nyingi, na wanavijiji waliolimishwa barabara kwa shuruti ili apite wakasahauliwa. Akaandika Konokono katika orodha. Akaandika pia magari ya Nyayo, yaliyoundwa Kenya baada ya Rais Moi kuwaagiza wasomi wa Chuo Kikuu cha Nairobi mwaka 1986: magari matano ya majaribio, yakaonyeshwa 1990, yenye uwezo wa kufika kilomita 120 kwa saa, kisha fedha za kiwanda zisipatikane. Gari la Zampolli lilishindwa vivyo hivyo na likapata mtu wa kulichora. La Nyayo bado.

Ameanza kupima mwenyewe. Nyuma ya nyumba moja kwenye barabara hii palikuwa na Land Rover ya zamani, bodi bila milango, mti umeotea mahali pa kiti cha dereva. Mnunuzi wa vyuma chakavu alipokuja kuivunja, kijana alikuwa ameshatangulia na utepe wa kushonea wa mama yake. Alipima kutoka ekseli mpaka ekseli, akapata sentimita 277. Akapima upana wa boneti, urefu wa kioo, nafasi kati ya pedali na kiti. Akachora ubavu wa kulia na wa kushoto, kwa sababu, alisema, mibonyeo haikufanana. Picha zote zimo katika daftari, kwa kalamu ya wino, pamoja na jina la kijiji na jina la mwenye gari. Hajui bado nani atakayezitumia, wala mashine ipi. Anachokikosa ni sauti, kwa kuwa injini iliuzwa zamani. Ameambiwa kuna mzee mmoja kule Bengamisa aliyeiendesha tangu ikiwa mpya na ambaye bado anaweza kuiga kwa mdomo inavyobadilisha gia ikipanda mlima na mzigo. Ametafuta pikipiki ya kumpeleka huko akamrekodi kwa simu, na waendeshaji wote wamemwambia asubiri kiangazi, maana njia haipitiki. Mzee mwenyewe, wanasema, haamki tena kitandani.